Usinenepe Tena Ili Ujaze Ngozi

(Mhadhara uliotolewa na muuguzi wa kliniki ya kisukari kwa wafanyabiashara wa samaki na majirani zao, Kirumba, Mwanza.)

Mwangaluka! Haya, asanteni. Na ninyi kina baba mliojibanza karibu na mlango, sogeeni mbele. Najua mliambiwa ni kikao cha kina mama. Hivyo vitambi navyo ni vya kina mama?

Leo sielezi sukari ni nini wala presha ni nini. Hayo mmeyasikia mpaka mmechoka, na nusu yenu mnaweza kunifundisha mimi. Nimekuja na jambo moja tu, lile ambalo wenzangu kliniki wananicheka kwamba nalisema hata usingizini: acheni kuogopa ngozi. Mtu anaanza vizuri kupunguza mwili, anafika katikati, siku moja anajiangalia kwenye kioo, anaona ngozi ya mkono inapepea, ya tumbo imekunjamana, anarudi kwenye chipsi mayai. Kwa makusudi kabisa! Ukimuuliza anakwambia, "Sista, nimeamua nijazie kidogo."

Ujazie nini?

Kuna mama mmoja wa dagaa hapo soko la Mwaloni. Simtaji, na wanaomjua wanyamaze. Alikuja kliniki ana kilo mia na ushee, sukari juu, magoti yanamuuma hata kupanda ngazi ya daladala ni shughuli. Tukakaa, tukapanga. Soda akaacha. Ugali akapunguza ukabaki kama ngumi yake mwenyewe. Jioni akawa anarudi nyumbani kwa miguu, bodaboda wakamnunia. Mwaka na kitu ukapita, akawa ameshusha zaidi ya kilo ishirini. Sukari ikatulia, daktari akampunguzia dawa, magoti yakaacha kelele. Sisi pale kliniki tulikuwa tukimwona anaingia tunasimama.

Sasa sokoni. Wateja wake wa Ukerewe na Sengerema wakishuka na mzigo wanamkuta hivyo. "Dada, umeisha!" "Shemeji, unaumwa nini?" Mmoja akamvuta pembeni, kwa upendo kabisa, akamnong'oneza kwamba siku hizi dawa zinatolewa bure, asione aibu.

Mnacheka, lakini wote mmeelewa alimaanisha nini. Sisi watu wa ziwa hili tumekua na woga huo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini walikuwa hapo Kagera, ng'ambo tu ya maji, mwaka 1983, na baada ya hapo tumewatazama kaka na dada zetu wakipukutika mmoja mmoja. Ndiyo maana mpaka leo mtu akikonda, mtaa mzima unampima kwa macho. Basi niwaambie, hayo macho siku hizi hayapimi kitu. Anayeishi na virusi na kumeza dawa zake vizuri anaweza kukuzidi kitambi. Dawa zinazotumika sasa zinawaongezea uzito baadhi ya watu, na hao nao ninao kliniki, nawabembeleza wapungue kama ninavyowabembeleza ninyi.

Turudi kwa mama yetu. Akaanza kujificha. Dera la mikono mirefu saa saba mchana, jua la Mwaloni mnalijua. Akawa hainui mkono kupokea hela, anamwachia binti. Ndipo dada yake akampa ushauri wa kitaalamu: "Ngozi yako imekosa cha kubeba, irudishie." Akairudishia! Maandazi asubuhi, wali wa nazi usiku, soda mbili tatu katikati. Alipokuja kuonekana tena kliniki, kilo karibu zote zilikuwa zimerudi na sukari imerudi nazo, dawa tukaanza kuhesabu upya.

Na ngozi je? Hapa nisikilizeni. Mafuta hayapokei maelekezo. Huwezi kuyaambia "jazeni mkono, tumbo muliache." Kwake mengi yalikwenda tumboni, pale pale tulipohangaika kuyatoa. Mkono ukabaki unapepea, ila sasa ulikuwa mzito zaidi. Akalipa gharama yote na bidhaa hakupewa.

Kuna anayesema moyoni, "Huyu anaongea kwa sababu yeye hayamkuti." Mama, mimi nimezaa wanne. Nikikaa, tumbo langu nalo linakaa, lina kiti chake. Tuendelee.

Ngozi yetu ina nyuzi za namna mbili. Kolajeni inaifanya iwe imara, elastini inaifanya irudi ikivutwa. Hiyo elastini sehemu kubwa uliipata tumboni kwa mama yako na utotoni, mtu mzima anatengeneza kidogo mno. Chukua sketi ya lastiki iliyovutwa miaka kumi na tano, ivue, itundike: lastiki itarudi kiasi, haitarudi kama ilivyotoka dukani. Kwa hiyo ngozi yako itafanya nini inategemea umeshusha kilo ngapi, ulibeba unene kwa miaka mingapi, una umri gani, umebeba mimba ngapi, unavuta sigara au huvuti, na umerithi ngozi ya nani. Mtu wa kilo 80 anayeshusha kilo 8 kwa kawaida hana cha kuhofia, na mara nyingi yeye ndiye anayelalamika kuliko wote. Mtu wa miaka 50 anayeshusha kilo 40, ngozi itabaki. Simfichi.

Itabaki, na yeye atakuwa na afya kuliko jana. Mafuta yanayotuleta wodini ni yale ya ndani, yaliyozunguka ini na utumbo, na hayo huanza kupungua mapema, hata kabla jirani hajagundua umepungua. Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, majibu yakachapishwa mwaka 2002. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, ilishuka kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 100, asilimia 7 ni kilo saba tu! Kilo saba na mazoezi vimeshinda kidonge. Halafu wewe unaniletea habari ya mkono kupepea.

Na kabla hujalia ngozi, hakikisha unacholia ni ngozi. Bana hapo tumboni kwa vidole viwili, nguo isiwepo katikati. Siyo sasa hivi, mama, nyumbani! Ukishika kitu chembamba, kinachokunjika kirahisi, hiyo ni ngozi. Ukishika kitu kinene kinachojaza vidole, hizo bado ni nyama uzembe, na dawa yake ni kuendelea. Watu wengi wanaokata tamaa wapo hapo katikati. Mafuta yamepungua kiasi, yamekuwa laini, yananing'inia, wanadhani wamemaliza na ngozi imewasaliti, kumbe kazi bado ipo. Hata ukishafika uzito unaoutaka na ukatulia hapo, ngozi inaendelea kujivuta taratibu, mwaka, hata miwili. Wewe unataka Jumapili iwe imerudi kwa sababu kuna harusi.

"Sista, nikipungua polepole ngozi itarudi yote?" Kila mahali naulizwa hili. Polepole ni vizuri, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ila faida yake kubwa iko kwingine. Anayekimbiza kilo anapoteza misuli pamoja na mafuta, na anajitafutia mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kwa upande wa ngozi, kinachoamua zaidi ni kilo zenyewe na miaka uliyozibeba.

Sasa biashara. Hapa Mwanza tuna mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara. Sangara minofu yake inapanda ndege, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki kwetu, bondo linakwenda China kwa bei ambayo nikiitaja kina baba watatoka humu waende ziwani. Bondo hilo kwa sehemu kubwa ni kolajeni. Basi umepita uvumi hapa mjini kwamba ukichemsha bondo ukanywa supu yake, ngozi inajikaza. Na wasiopata bondo wanauziwa unga wa kolajeni kwenye kopo lenye picha ya binti wa miaka kumi na tisa. Jamani, ukila kolajeni, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage. Haitoki tumboni ikiwa na ramani ya kwenda kwenye mkono wako. Supu ya bondo ni chakula, kunywa ukiweza kuinunua, lakini ngozi iliyozidi haiondoki kwa supu. Mafuta ya nazi yanalainisha, na kazi yake inaishia hapo. Mkanda wa kubana tumbo unabana ukiwa umeuvaa. Ukiuvua, tumbo liko pale pale linakusubiri. Zile chai za kupunguza mwili, nyingi zinakuharisha tu, unapoteza maji unadhani ni mafuta. Na kwenye baadhi ya bidhaa za namna hiyo, nchi mbalimbali zimekuta sibutramini imefichwa ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa ya damu.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni mkorogo. Mtu anakuja ananilalamikia ngozi imelegea, ina michirizi mapajani na kwenye mikono, na mimi namwona uso rangi moja, vidole rangi nyingine. Ndani ya mikorogo mingi mna steroidi kali. Steroidi ukiipaka muda mrefu inaifanya ngozi iwe nyembamba, inachubuka kwa kuguswa, inapasuka michirizi. Yaani unaogopa ngozi yako isidhoofike, na kila jioni unaipaka kinachoidhoofisha! Vipodozi hivyo vimepigwa marufuku nchini, lakini nikienda Makoroboi sasa hivi sidhani kama nitarudi mikono mitupu. Niliwahi kuulizwa kwenye kikao kama hiki, "Sasa sista, kama nimeshaanza mkorogo, niache ghafla?" Hilo ni swali zuri. Njoo tuzungumze, kwa sababu aliyepaka muda mrefu akiacha, ngozi inaweza kuwaka, anahitaji kusaidiwa. Usirudi kwa aliyekuuzia kumuuliza.

Kitu kinachosaidia kweli ni misuli. Chini ya ngozi pakiwa na msuli, mkono unapata umbo, na msuli huo huo unakusaidia kutumia sukari. Wataalamu wanatushauri angalau siku mbili kwa wiki kufanya kazi inayoichosha misuli. Msiniambie habari za jimu na ada yake. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Linyanyue mpaka mkono uchoke, pumzika, rudia. Likizoeleka, tafuta la lita 10. Kaa kwenye kiti uinuke bila kushika popote, tena na tena. Ninyi wa Mabatini na Igogo mliojenga juu ya miamba, njia ya kwenda nyumbani tu ni mazoezi, na bado nawaona mnamtuma mtoto dukani.

Na msuli haujengwi na chai na andazi. Anayepunguza mwili anahitaji protini karibu gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye figo zenye matatizo aongee na daktari kwanza. Dagaa wakavu waliokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mnalala juu ya magunia yake! Halafu mnauza dagaa mnanunua soseji. Waosheni mchanga, wachemsheni, msiwazamishe kwenye mafuta. Michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, siwakatazi, ila isiwe sahani nzima.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka haraka. Penye mkunjo wa ngozi, osha, kausha kabisa, vaa nguo ya pamba. Pakiwasha, pakitoa harufu au majimaji, njoo, hasa mwenye sukari. Tumbo la baada ya kuzaa lina habari zake za misuli iliyoachana katikati, hilo nitalirudia siku nyingine. Upasuaji wa kuondoa ngozi upo, unaacha kovu refu, na daktari atataka uzito wako uwe umetulia kwa miezi kadhaa na uwe umemaliza kuzaa. Wenye maswali ya hilo tuonane pembeni.

Na mtu aliyekonda bila kujaribu, anakula kama kawaida na nguo zinamvuka, huyo simwambii apuuze maneno ya watu. Aje wiki hii. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa kingine, na vyote vinapimwa.

Meza ile pale kuna futi ya fundi. Tunapima kiuno, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke akivuka sentimita 80, mwanaume akivuka 94, tunaandika jina aje kliniki. Pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Ndiyo, baba wa shati la mistari, nimekuona, umeanza kulivuta tangu hapo ulipokaa.