Kiazi, Bomba la Inchi Mbili na Mzinga wa Mbao

[Muziki wa kuanzia unashuka]

ZAITUNI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena barazani. Ni Zaituni, na huyu hapa shemeji yangu Masudi, ambaye leo sina hamu hata ya kumtambulisha.

MASUDI: Wananifahamu, shem. Endelea tu.

ZAITUNI: Basi wakufahamu vizuri. Huyu bwana amekuja dukani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kachukua bomba la inchi mbili, koki, soketi na kopo la gundi. Namuuliza, za nini? Ananiambia sinki la mama limeziba. Jumamosi niko uani nachambua mchicha, nasikia puuu! upande wa ufukweni. Kutoka nje, nakuta sinki lenyewe la mama ni mzinga wa kurushia viazi, umeegeshwa juu ya matofali, mdomo umeelekea Kongo.

MASUDI: Umeelekea ziwani. Kongo ni mbali, ziwa hili la Tanganyika upana wake wa wastani ni kama kilomita 50. Kiazi kilipita mitumbwi tu.

ZAITUNI: Kiazi cha nani?

MASUDI: Tutafika huko.

ZAITUNI: Tumeshafika. Viazi vilikuwa vyangu, vya chipsi za watoto. Na kingine hakikwenda ziwani, kilikwenda kushoto, kikatua katikati ya dagaa wa mama wa watu walioanikwa hapo Kibirizi.

MASUDI: Upepo.

ZAITUNI: [anacheka] Upepo!

MASUDI: Jamani, tuwaeleze watu kitu chenyewe. Leo tuliahidi mambo matano kwa anayetaka kujua mzinga wa viazi unafanyaje kazi. La kwanza ndilo tamu kuliko yote. Mdomo wa bomba unachongwa kwa tupa kwa nje mpaka unakuwa na makali. Kiazi hakikatwi kwa kisu. Unakikandamiza pale juu kwa kiganja, kinajikata chenyewe, pete ya maganda inabaki nje, na kipande kilichoingia kinakaza bomba bila kuacha hata upenyo. Maji yake meupe yanakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mpira wa tenisi hauwezi hivyo, wala ndimu. Kiazi ni risasi na kizibo kwa pamoja. Nyuma kuna chumba cha hewa, katikati kuna koki. Ukiifungua ghafla, hewa inakisukuma. Mwanao alipoona alikaa kimya, mtoto yule ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.

ZAITUNI: Alinyamaza kwa woga.

MASUDI: Alinyamaza kwa fizikia. Kuna wenzetu wengine wanawasha gesi ya kupulizia nywele ndani ya bomba. Hiyo mimi siigusi. Moto ndani ya plastiki siyo burudani.

ZAITUNI: Na hewa ndani ya plastiki ni burudani? Mimi ndiye ninayeuza hayo mabomba. Pale ubavuni imeandikwa PN 10. Maana yake linahimili msukumo wa maji wa bar 10, tena maji ya ubaridi wa kawaida, si bomba lililoachwa kwenye jua la Kibirizi. Maji hayabanwi sana. Bomba likipasuka na maji, nguvu inaisha palepale, unalowa, unacheka. Hewa umeikunja humo ndani, na ikipata ufa inafumuka yote kwa mpigo. Na PVC, plastiki hii ya bomba, haichaniki, inavunjika vipande vyenye ncha. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe wanakataza kujaza hewa ndani yake.

MASUDI: Nilijaza bar mbili tu, kwa pampu ya miguu.

ZAITUNI: Tairi la gari ndogo lina bar mbili. Umewahi kuona likipasuka usoni pa fundi pancha?

MASUDI: Sawa, lakini watu wamefanya haya siku nyingi. Vita ya pili ya dunia Waingereza walikuwa na kitu kinaitwa Holman Projector, cha kampuni moja ya Cornwall. Ni bomba linalofungwa kwenye meli, linarusha mabomu ya mkono kwa mvuke au hewa iliyobanwa, eti watungue ndege. Mabaharia wakaona bora warushiane viazi, meli kwa meli.

ZAITUNI: Walikuwa vitani. Wewe ulikuwa Jumamosi.

MASUDI: Na sisi hapa Kigoma ndio tusiseme mizinga? Meli yetu Liemba yenyewe ilikuwa na mzinga!

ZAITUNI: Haya, ameanza.

MASUDI: Sikiliza. Meli imejengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa masandukuni, reli ikaileta mpaka hapa ikaungwa upya. Februari 1915, vita ya kwanza ya dunia, imeingia majini, inaitwa Graf von Götzen. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, ile iliyomalizikia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga ya milimita 105, wakaiopoa. Mingine bado ipo, mmoja uko Fort Jesus Mombasa, mwingine Pretoria, mwingine Jinja. Mmoja ulikuja Kigoma.

ZAITUNI: Na uko wapi?

MASUDI: Mwaka 1916 vita ya nchi kavu ikawabana, wakaung'oa wakaupeleka huko. Wakaweka wa mbao.

ZAITUNI: Wa nini?

MASUDI: Wa mbao. Ukiangalia kutoka mbali ni mzinga.

ZAITUNI: [anacheka muda mrefu] Mbao gani? Mninga? Mvule?

MASUDI: Shem, hilo ndilo swali lako?

ZAITUNI: Swali la mwenye duka! Maana kuna fundi seremala mmoja hapa mjini alifuatwa na mzungu wa kijeshi akaambiwa, nitengenezee mzinga. Alidai advansi? Alipiga msasa? Alimwambia njoo Ijumaa, halafu Ijumaa akasema njoo kesho, varnishi haijakauka?

MASUDI: [anacheka] Vita inasubiri varnishi.

ZAITUNI: Na ulifanya kazi?

MASUDI: Huo sijui, lakini mingine ilifanya! Waingereza walikuwa na vimashua vyao viwili, Mimi na Toutou, vilivyovutwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini mpaka ziwani. Vikakamata meli ya Wajerumani, Kingani, sikukuu ya Krismasi imepita jana tu, vikazamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari. Lakini huko Bismarckburg, yaani Kasanga, kamanda wao Spicer-Simson aliiona ngome ya Wajerumani ina mizinga, akarudi nyuma. Kumbe na ile ilikuwa ya mbao!

ZAITUNI: Yaani ziwa zima, maseremala ndio walioshikilia ulinzi. Masudi, suluhisho lako hilo. Chonga mzinga wa mbao, uweke ufukweni. Hauli viazi, hauli dagaa.

MASUDI: Na mtoto atajifunza nini hapo?

ZAITUNI: Useremala. Kazi inalipa.

MASUDI: Götzen yenyewe walikuja kuizamisha Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo imepakwa grisi ili...

ZAITUNI: Masudi, mambo matano. Tuko la kwanza.

MASUDI: Wewe ndiye uliyeuliza mbao.

ZAITUNI: Basi mimi niseme langu la kweli, maana nimelibeba tangu Jumamosi. Ule mlio ulipotoka, jirani yetu wa nyumba ya tatu aliacha ndoo, akalala chini na mjukuu. Unajua alikotoka. Amevuka ziwa hili usiku, nyuma yake wanapiga. Huu mtaa una watu wa namna hiyo wangapi? Huu mkoa wote?

MASUDI: Nilikwenda kumsalimia.

ZAITUNI: Salamu ilikwenda baada ya mlio.

MASUDI: Lakini Kibirizi ina makelele, shem. Injini za maboti alfajiri, bati linagongwa, harusi zinapigwa fataki.

ZAITUNI: Injini anaijua. Fataki za harusi ametangaziwa. Huo wako haukuwa na jina. Na mkoa huu polisi wanakamata magobore, wewe unasimama na bomba begani.

MASUDI: Halikuwa begani, lilikuwa juu ya matofali! Na sheria ya silaha ya 2015 haikuandikwa kwa ajili ya viazi.

ZAITUNI: Atakayeisoma siku hiyo siyo wewe.

MASUDI: Kwa hiyo mtoto wa Kigoma asifundishwe hewa iliyobanwa kwa sababu wakubwa wamepata shida? Atakulia kwenye hofu isiyo yake?

ZAITUNI: Afundishwe. Dukani nina pampu za kunyunyizia dawa shambani, za kubeba mgongoni. Unapiga mpini, hewa inabana, dawa inatoka. Hewa ileile.

MASUDI: Hakuna mtoto duniani aliyeipenda fizikia kwa sababu ya pampu ya dawa ya mahindi.

ZAITUNI: Hakuna jirani aliyelala chini kwa sababu yake pia.

MASUDI: Twende mbali basi, porini, hakuna nyumba.

ZAITUNI: Porini wanasikia vizuri zaidi. Na vipande vya PVC havijui kama uko porini.

MASUDI: Mimi sijashawishika.

ZAITUNI: Wala mimi. Na mwanangu hagusi.

MASUDI: Mwanetu. Mimi ni baba yake mdogo.

ZAITUNI: [kimya kidogo] Mwanetu hagusi.

MASUDI: Mh. Sawa, la pili: koki. Koki ya kuzungusha polepole inaua...

ZAITUNI: Memori inajaa, imebaki dakika moja, na namsikia kondakta wa daladala yangu.

MASUDI: Mambo manne yamebaki!

ZAITUNI: Wanaoyataka wakukute Kibirizi. Wiki ijayo tunazungumzia mawese, kwa nini dumu moja lina bei tatu kutoka sokoni mpaka stesheni.

MASUDI: Na yule mama wa dagaa bado ananidai.

ZAITUNI: Hujamlipa?

MASUDI: Anataka pesa ya kilo mbili, na kiazi kiligusa ukingoni tu.

ZAITUNI: Mlipe, Masudi. Kwaherini wasikilizaji.