Eti pesa ya kuona Alabama natoa wapi? Haya, leo najibu

Haya wadau, mnisamehe sauti, nimetoka nait shifti na sijalala. Leo hakuna mapishi. Tangu niposti ile klipu ya konsati, komenti ni moja tu: "Dada si ulikuwa unalia maisha ni ngumu huko, sasa pesa ya kuona Alabama umetoa wapi?" Mwingine ati najishaua. Nikinyamaza naringa, nikiongea nalalamika, sasa mnataka nifanye aje?

Kwanza tusichanganyikiwe. Alabama ni bendi ya muziki wa kantri, na mimi naishi jimbo la Alabama, Marekani, saa moja na kitu kwa gari kutoka Fort Payne, kwao. Ni kamji kadogo, kalijulikana sana kwa viwanda vya soksi. Randy Owen, Teddy Gentry na marehemu Jeff Cook, wenye bendi, ni mabinamu, Randy na Teddy wamelelewa kwa mashamba ya pamba juu ya Lookout Mountain. Nyimbo zenyewe mnazijua, siwezi kuwaimbia. Chenye hamjui ni kwamba kuanzia 1973 hawa watu walikuwa wanapiga kwa baa inaitwa The Bowery, huko Myrtle Beach, South Carolina, wanategemea tipu. Yaani mlevi akitaka wimbo unapiga huo wimbo, usiku kucha, summer baada ya summer, hadi 1980 ndio kampuni ya rekodi ya RCA ikawasaini na wimbo wao Tennessee River ukashika namba moja kwa chati za kantri. Miaka saba ya tipu! Mimi nimefanya kazi ya tipu miezi minne mgongo ukakataa, na meneja alikuwa anakata zetu akisema ni za sahani zilizovunjika, lakini hiyo tuiache.

Pesa sasa. Tiketi imeandikwa dola 79. Ukifika kwa kulipa kuna ada ya huduma, ada ya ukumbi, ada ya kukutumia tiketi kwa imeili, imeili jameni, inakuwa 114. Kupaki 30. Halafu mwenzangu alinishikia shifti na mimi nitamlipa na Krismasi yangu. Hapo kujishaua kuko wapi?

Na ile tiketi ya pili kwa klipu, mliouliza ni ya nani, ilikuwa ya anko wangu wa Molo, Kenya. Yeye ndiye alinifunza hawa watu, kaseti ilikuwa kwa pikap yake, upande wa B ulishaliwa na redio kwa hivyo nilikua nikijua nusu ya nyimbo. Nikamwandikia barua ya mwaliko, nikatuma payslip zangu, yeye akapeleka stetimenti za benki na kopi ya title deed ya shamba, tukalipa dola 185 za visa. Kwa dirisha la ubalozi akaulizwa unaenda kufanya nini, akasema ukweli, kuona bendi. Maswali matatu, akanyimwa visa, paspoti ikarudi, na 185 hairudi ng'o. Kuna wenye wanasema angesema harusi. Sijui, kila mtu na kesi yake, msiseme ni mimi niliwashauri.

Konsati yenyewe? Wazee wako sawa. Randy ameshapita miaka 75, kuna mahali anaachia watu waimbe na watu wanaimba. Walianza kuaga mashabiki 2003 halafu wakarudi jukwaani, na mimi mwenye nilisema narudi nyumbani 2019 siwezi kuwahukumu. Jeff ndiye hayuko, ugonjwa wa Parkinson ulimtoa kwa ziara, akafariki Novemba 2022. Kando yangu kulikuwa na mama wa kizungu na bakora, tishati yake ya June Jam, ile konsati yao ya hisani Fort Payne, imepauka huwezi kusoma mwaka. Dixieland Delight kuanza, bakora chini, akasimama wimbo mzima ameshika bega langu kama tunajuana.

Hapo ndio nikampigia anko video. Huku kwangu saa tatu usiku, kwake saa kumi na moja alfajiri, yuko kwa boma anakamua na tochi kwa kichwa. Hakusema hata habari. Akaegemeza simu kwa ndoo, akaendelea kukamua akisikiliza, halafu akauliza, "Na fidla ya Jeff siku hizi nani anapiga?" Nikageuza kamera nimwonyeshe, bando yake ikaisha.