Nani atatwanga mpunga pilau iko mezani? Jaribio la bakteria na wanga

Assalaam alaykum, karibuni tena maabara ya skuli, hapa Wete. Leo tunawachungulia bakteria wa udongo: lini wanatengeneza amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga, na lini hawajishughulishi.

Tuanze na udongo. Huu nimeuchota jana nyuma ya jiko, tunapotupa maganda ya muhogo, maana penye wanga hapakosi walaji. Sikuchota karibu na majamvi ya karafuu. Mafuta ya karafuu hufisha bakteria, nami sitaki kubahatisha. Tia kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji safi, tikisa, mimina kidogo kwenye testitubu, uiweke ndani ya maji ya moto ya nyuzi 80 kwa dakika 10. Wengi watakufa. Jamii ya Bacillus watabaki, kwa sababu hujifungia ndani ya spora ngumu zinazostahamili moto.

Sasa chakula chao. Chupa mbili, kila moja maji mililita 100, unga wa agari lishe (kigandishi kitokanacho na mwani, kimechanganywa na chakula cha bakteria) gramu 2.8 na wanga wa muhogo gramu 1. Wanga uukoroge kwanza na maji baridi, kama unavyoanza uji, la sivyo utapata madonge. Najua mtaniuliza: mwani wa Paje, kule Unguja, je? Haufai hapa. Mwani tunaoulima unatoa karajinani, kigandishi kingine, si agari.

Chupa ya pili ongeza glukosi gramu 1, na uiandike G saa hiyo hiyo. Legeza vifuniko, zipike kwenye sufuria ya presha dakika 15, zikipoa kiasi cha kushikika mimina kwenye sahani za petri.

Zikishaganda, dondosha matone matatu ya yale maji ya udongo ya kwenye testitubu, yaachane. Funika, bandika utepe, geuza sahani juu chini, weka kabatini saa 24. Joto la Pemba linatosha.

Haya, kesho yake. Vaeni glavu. Nasogeza kamera, angalieni: namwaga aidini, na kwa kuwa aidini ikikuta wanga huwa nyeusi, agari inageuka bluu nyeusi kama wino. Lakini kwenye sahani isiyo na glukosi kila tone lina duara jeupe pembeni yake. Hapo wanga umeshakatwa. Njooni kwenye G. Bakteria wamestawi, wamenona hasa, lakini ule weusi umewafuata mpaka ukingoni.

Glukosi ni chakula kilichokwisha kuiva. Ikiwepo, bakteria huifungia jeni ya amilesi, kwa kuwa kutengeneza kimeng'enya kunakula nguvu na malighafi. Nani atatwanga mpunga pilau iko mezani? Jacques Monod wa Ufaransa aliona jambo la jamaa hii miaka ya 1940, alipowapa bakteria wa E. koli sukari mbili kwa pamoja: walimaliza glukosi, wakasita, ndipo wakaigeukia ya pili. Kazi yake na François Jacob juu ya namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa iliwapa Nobeli mwaka 1965, pamoja na André Lwoff.

Saa 24, nasisitiza. Mwaka jana niliziacha nikaenda kula Idi, siku nne nzima. Kurudi, sahani zote mbili zina duara! Nikamshuku mwanafunzi wangu kwamba amechanganya lebo, maskini. Kumbe glukosi ilikuwa imeliwa ikaisha, jamaa wakaanza kazi.

Ukitaka sahani ya tatu kwenye friji, weka. Ila huko hawakui, kwa hiyo usiandike kwamba wamekataa kutengeneza kimeng'enya. Pima kwanza upana wa kundi la bakteria, halafu upana wa duara, ugawe cha pili kwa cha kwanza; hiyo ndiyo namba ya kulinganisha.

Ukimaliza, mwagia sahani klorini ya kufulia, ziache saa nzima, ndipo uzitupe. Na tafadhali, msizifungulie jikoni kwa mama.