Tuanze na Vichwa, Mabomba Baadaye

Asalaam aleikum, na habari za jioni mafundi wenzangu, pamoja nanyi wenye magari mliotoka Muheza, Pangani na hapa Tanga mjini.

Nimeombwa nizungumzie keji, ile fremu ya mabomba inayofungwa ndani ya gari ili paa lisibonyee likipinduka. Zamani ilikuwa ya magari ya mbio. Siku hizi mzazi anakuja gereji anataka afungiwe kwenye Land Cruiser ya kupandia milima ya Amani, watoto wakiwa nyuma.

Hapo ndipo nataka tuelewane. Gari la mashindano hubeba watu wawili wenye helmeti, mikanda imewabana mabega yote mawili. La familia lina baba, mama, bibi, na mtoto aliyesinzia ameegemea mlango, wote vichwa wazi. Bomba linalomwokoa dereva wa mbio linaweza kumpasua mtoto huyo kichwa hata gari lisipopinduka, likigonga ng'ombe tu. Kwa hiyo kabla sijashika futi, nawakalisha wote kwenye viti vyao, mikanda imefungwa, natazama kila kichwa kikirushwa kitafika wapi. Kinapofika kichwa, bomba halipiti.

Angalieni tao kuu, lile bomba lililopindwa kutoka sakafu upande mmoja, likapita darini na kushuka upande wa pili. Kwa kawaida husimama nyuma ya viti vya mbele, likiwa na bomba la mlalo na la mshazari. Kwenye gari la watu wawili sawa kabisa. Ukiwa na watoto nyuma, mlalo ule uko mbele ya nyuso zao! Tao hilo liacheni wazi katikati, lifuate nguzo za milango. Mlalo na mshazari vihamie kwenye tao la pili, nyuma ya kiti cha watoto. Mshazari msiufute, kwa sababu fremu ya pembe nne ikisukumwa ubavuni hulala, lakini pembetatu hailali mpaka bomba lenyewe lipinde. Nguvu iliyopungua kwenye tao kuu ifidieni kwa mishazari ya darini, juu ya vichwa vyote.

Sifongo ya sofa iliyozungushiwa bomba si kinga. Bonyezeni kwa kidole, mtakigusa chuma. Inatakiwa ile ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hii, na hata hiyo ilipimwa kwa kufikiria mtu mwenye helmeti.

Kuhusu chuma, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka tao kuu liwe bomba lisilo na mshono, kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Bomba la maji lina mshono, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomdhuru fundi na kuacha vitundu ndani ya weldi. Weldi nayo izunguke bomba lote. Najua wengi huacha upande wa juu, kwa kuwa paa linazuia mkono. Fungeni miguu mwisho, fremu ishushwe kwanza, mchomelee juu, ndipo muinyanyue mahali pake.

Miguu ikae juu ya bamba la milimita 3 au zaidi, la sivyo bomba litatoboa sakafu. Na kumbukeni bodi ya Land Cruiser imekalia mipira juu ya chesisi, kila kimoja kinacheza kivyake. Mguu mmoja ukiushika kwenye bodi na mwingine kwenye chesisi, barabara ya Mlalo kule Lushoto itaichana weldi.

Uzito nao mwingi. Mita 20 za bomba la 45 kwa 2.5 ni kilo 52 hivi, na sehemu kubwa iko juu, kwa hiyo gari linakuwa rahisi zaidi kupinduka.

Gari lenye mifuko ya hewa inayoshuka juu ya madirisha silifungi keji, maana bomba litauzuia mfuko. Mwenye gari hilo namwambia ashushe matairi na madumu kutoka kwenye keria ya juu ya paa, amnunulie mtoto kiti chake, na mkanda wa nyuma ufungwe hata safari ikiwa ya kwenda Raskazone tu.