Nimerudi na Swali la Kihamba
(Maneno ya diwani kwa wakulima wa kahawa, Marangu, Moshi)

Wazee wangu, mama zangu, vijana, shimbonyi.

Nilishuka uwanja wa ndege wa KIA juzi usiku. Mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha ushirika ameniomba niwaeleze niliyoyaona Ujerumani, na niseme neno juu ya habari za kahawa mnazosikia redioni.

Kule Hamburg walituingiza ghalani, karibu na bandari. Magunia yamepangwa mpaka juu: Brazil, Vietnam, Ethiopia. Yetu yalikuwa machache, pembeni. Kijana wa ghala akachoma gunia moja kwa bambo, akanimwagia punje kiganjani. Nilishindwa kusema. Mimi nimemwona mama yangu ameinama kwenye kichanja tangu asubuhi, anachambua punje mbovu moja moja, na sasa kazi ya vidole vile iko mkononi mwangu, nchi ya watu.

Jioni nikanywa kahawa mgahawani, kikombe euro 3 na senti 50. Kilo moja ya kahawa iliyokobolewa, ukiikaanga, hubaki kama gramu 800. Kikombe hutaka gramu 8. Ni vikombe 100, euro 350! Najua mle kuna kodi, mishahara na pango. Hata hivyo usingizi haukuja.

Bei ya dunia sitaizungumza sana. Februari 2025 ilivuka dola 4 kwa ratili kule New York, na sababu kubwa ilikuwa ukame wa Brazil. Hatukuipandisha sisi, na ikishuka hatutaulizwa. Nawasihi msikope kwa kuitegemea.

Habari ninayotaka tukae nayo ni sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa 2023. Inasema kahawa isiingie kwao kama imelimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane lilipo. Imeahirishwa mara mbili. Sasa makampuni makubwa yamepangiwa kuanza kuifuata mwishoni mwa Desemba 2026. Wapo wanaosema itaahirishwa tena, tusihangaike. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Tazameni vihamba vyetu, mashamba haya ya kuzunguka nyumba. Juu mringaringa na mgrivelia, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni. Ukitazama kutoka angani unaona msitu. Sheria yenyewe inajua kwamba shamba lenye miti ya kivuli ni shamba, lakini anayesoma picha akiwa mbali atajuaje, kama hakuna karatasi inayosema kihamba hiki kililimwa na babu yake huyu? Na shamba lisilozidi hekta 4 halihitaji kuchorwa mipaka. Nukta moja, yaani namba za ramani zinazoonyesha lilipo, inatosha. Nani hapa ana kihamba cha hekta 4?

Sasa linaloniuma. Msimu uliopita walipita vijana wa mnunuzi na simu zao, wakasimama kwenye mibuni ya mama yangu, wakabonyeza kuchukua nukta, wakaondoka. Nilipowauliza majirani, hakuna hata mmoja aliyeachiwa nakala. Nukta ya kihamba chako iko kwa mnunuzi, wewe huna. Kesho ukitaka kumuuzia mwingine, utaanza upya, au utambembeleza yule yule.

Mwaka 1925, walowezi wakiwa hawataki Mwafrika alime kahawa, babu zetu wakiwa na Joseph Merinyo waliunda chama chao cha wapanda kahawa. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Daftari la wakulima lilikuwa mikononi mwao wenyewe. Hili la sasa nalo ni daftari, wazee wangu, na naliomba lirudi kwenye chama chetu cha msingi.

Jumamosi, baada ya kupima kahawa, karani atakuwa ofisini. Aje mwenye kihamba atupeleke shambani kwake, na kama mzee hawezi kushuka, aje kijana wake. Tutaandika nukta mbele yako: nakala moja ya chama, moja yako, uiweke pamoja na stakabadhi zako za mauzo.

Cha mama yangu nimekiandika leo asubuhi. Alinishikia jani la mgomba pembeni ili simu ione mbingu, kisha akaniambia nimsomee namba zile mara mbili.