Mji Ukiwa Ndio Mwenye Mtambo

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Dada Rehema, leo kabla hatujaanza umenirushia picha ya bili. Unataka nikulipie?

REHEMA: Ungelipa ningefurahi, kaka. Hebu isome. Juu kabisa pameandikwa nini?

BARAKA: Jina la mji wenu. Halafu umeme, maji, majitaka, kuzoa taka, vyote karatasi moja. Mimi hapa Dar umeme ni Luku, maji yana bili yake, na wa taka anakuja kugonga geti mwenyewe.

REHEMA: Sasa ndiyo ujue, hapa nilipo, jimbo la Illinois, umeme siuziwi na kampuni. Nauziwa na mji. Marekani kuna mashirika ya namna hii yapatayo 2,000. Mengine makubwa kama la Los Angeles, mengine ni ya vijiji kabisa. Nebraska hata kampuni binafsi ya kuuza umeme majumbani hakuna.

BARAKA: Basi jimbo likiamua makaa ya mawe yaishe, mji nao unaamriwa kama kampuni?

REHEMA: Hapo ndipo penye mambo. Illinois ilianza kudai nishati jadidifu, yaani ya jua, upepo na kadhalika, mwaka 2007, lakini ikazibana kampuni kubwa tu za umeme, ComEd na Ameren. Mashirika ya miji hayakuguswa. Hoja ni kwamba mji una madiwani, wanachaguliwa, wananchi wakitaka umeme wa jua si watasema.

BARAKA: Wakasema?

REHEMA: Walitanguliwa. Katikati ya miaka ya 2000 miji mingi ilisaini kuingia kwenye mtambo mmoja wa umeme wa makaa unaitwa Prairie State, kusini huko karibu na Marissa. Mgodi uko hapo hapo. Makaa yanapanda kutoka chini kwa mkanda mpaka mtamboni, hakuna treni, hakuna meli. Wakaambiwa hii itakuwa rahisi miaka na miaka. Megawati 1,600, mashine mbili za kama 800 kila moja. Ulianza kazi 2012, na kuujenga kulikula zaidi ya dola bilioni 4.

BARAKA: Za nani?

REHEMA: Za kukopa. Wenye mtambo karibu wote ni mashirika ya miji na ya ushirika, mengine yako Ohio, Indiana, Missouri, Kentucky. Waliuza hatifungani, yaani hati za kukopa kwa wawekezaji, wakasaini mikataba ya lipa utumie usitumie. Mtambo haujawaka bado, bei ya gesi ikaporomoka.

BARAKA: Lo! Na dawa ya deni kulipa.

REHEMA: Na mlipaji ni mwenye bili hiyo niliyokutumia.

BARAKA: Haya, sheria yenyewe ya kumaliza makaa.

REHEMA: Septemba 2021, Gavana Pritzker akaitia saini. Mitambo ya makaa ya kampuni binafsi mwisho wake 2030. Ya umma ikapewa hadi 2045. Hii ya umma ni Prairie State na mtambo wa Dallman, ambao ni mali ya mji wa Springfield. Na nikuambie, majira yale ya joto muswada mzima ulikwama, sababu kubwa ikiwa mitambo hiyo.

BARAKA: Miaka 15 ya nyongeza! Huo si upendeleo?

REHEMA: Nusu nakubali. Kampuni ikifunga mtambo kabla ya wakati, hasara wanaila wenye hisa. Mji ukifunga, deni linabaki, analipa bibi yule wa jirani. Ila kuna kipengele cha katikati. Ifikapo 2035 wapunguze moshi, yaani hewa ya ukaa, kwa asilimia 45. Wakishindwa, wazime mashine za kutosha kufikia hapo, mwisho Juni 2038.

BARAKA: Subiri. Mashine ziko mbili...

REHEMA: Umeona? Asilimia 45 ya mashine mbili. Ukiacha kando teknolojia ya kunasa hewa ya ukaa kabla haijatoka bombani, unazima moja. Hawakuliandika hivyo, ila hesabu ni hiyo.

BARAKA: Basi si mmeshashinda?

REHEMA: Hapana, kwa sababu kuna kalamu. Miji 32, pamoja na Naperville na St. Charles, hununua umeme kwa wakala wao wa pamoja, nao una hisa Prairie State. Mkataba uliopo unaisha 2035. Wakala ukaanza kutaka miji isaini tena, safari hii hadi 2055.

BARAKA: Elfu mbili na hamsini na tano? Miaka 10 baada ya mtambo kufungwa!

REHEMA: Wao wanasema ni ili wapate kukopa kwa ajili ya jua na betri. Yawezekana. Lakini ukishasaini umefungwa, hata madiwani wapya wakija na mawazo yao. California waliliona hili mapema. Mwaka 2006 walikataza mashirika yote ya umeme, ya miji yakiwemo, kusaini upya mikataba ya muda mrefu ya umeme wa makaa. Los Angeles ilikuwa inavuta umeme wa makaa kutoka Utah, ikajua siku mkataba utakapoisha, basi. Mwaka 2011 miji ikawekewa na kiwango cha lazima, asilimia 33 ya nishati jadidifu ifikapo 2020. Sisi Illinois tumebana bomba la moshi, kalamu tumeiacha.

BARAKA: Na wewe ukawaambia hayo madiwani wako?

REHEMA: Nilienda. Unajiandikisha jina mlangoni, unangoja. Kabla yangu mzee mmoja alizungumzia mbwa wa jirani yake. Kila mtu dakika 3, na kuna kitaa cha kuhesabu muda mezani.

BARAKA: Zilitosha?

REHEMA: Kitaa kiliwaka chekundu ndiyo kwanza nafika 2038.