Karatasi ya Kwanza: Ugaidi, Mahakama na Lugha ya Shahidi

Waheshimiwa maofisa, wazee wetu, mashekhe na mapadri mliokubali kuja, na ninyi wanafunzi wa sheria mliosimama ukutani kwa kukosa viti, habari za mchana.

Kazi hii niliianza nikiwa mkalimani. Kabla sijawa mkufunzi wa wapelelezi na waendesha mashtaka, nilikaa miaka katikati ya anayeuliza na anayejibu, nikivusha maneno kutoka upande huu kwenda ule. Kwa hiyo mkiona leo narudi tena na tena kwenye kalamu na karatasi, na ninyi mlitarajia mitambo na mbwa wa kunusa mabomu, mjue nasema nilichokiona kwa macho yangu. Kesi ya ugaidi katika ukanda wetu hupona au hufa kwenye karatasi ya kwanza, ile inayoandikwa na askari wa cheo cha chini siku ambayo bado watu wanalia.

Nianze na begi.

Jumapili tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, Hispania na Uholanzi. Wengi wenu mlikuwa watoto. Hapa Kampala watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira Kyadondo, kwenye uwanja wa raga, na kwenye mkahawa wa Ethiopian Village kule Kabalagala. Mabomu yakalipuka kote kuwili. Zaidi ya watu 70 walikufa. Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia, wakajitokeza kusema ni kazi yao. Mji huu haukulala.

Baada ya hapo, Makindye, ndani ya ukumbi wa disko, likapatikana begi la kompyuta limeachwa. Ndani yake kulikuwa na kizibao cha mabomu ambacho hakikulipuka, na gololi za chuma. Palikuwa pia na simu. Simu ile ndiyo iliyowafungulia wapelelezi njia: kutoka namba hadi mtu, kutoka mtu hadi nyumba, kutoka nyumba hadi ng'ambo ya mpaka.

Sasa fikirini mikono. Mtu angeweza kulitupa begi lile jalalani. Angeweza kuifuta simu akaiuza mtaani jioni ileile. Askari wa kwanza kufika angeweza kuiwasha, akapekua picha, akaitia mfukoni mwa sare yake, na siku tatu baadaye akaikabidhi kwa mkubwa wake bila hata mstari mmoja kwenye kitabu cha kituo. Mambo ya namna hiyo nimeyakuta kwenye kesi nyingine, na hakuna aliyefanya kwa nia mbaya. Walikuwa wamechoka na hawakuwa wamefundishwa. Lakini mahakamani, miaka mitano baadaye, swali ni moja: simu hii iliyoko mezani ndiyo ileile? Nani aliiokota, saa ngapi, akampa nani, ikalala wapi? Kila mkono ulioshika kielelezo uwe na jina, tarehe na sahihi. Mkono mmoja ukikosekana, wakili wa utetezi atapenya hapohapo, na atakuwa amefanya kazi yake kwa haki.

Sheria tunazo, nami sitawachosha nazo. Baada ya Septemba 2001, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1373 lililozitaka nchi zote zifanye ugaidi na ufadhili wake kuwa kosa la jinai, na zisaidiane katika upelelezi. Uganda ikatunga Sheria ya Kupambana na Ugaidi mwaka 2002, ambayo imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 tukapata sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Februari 2020 tukawekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zenye mapungufu katika kufuatilia fedha haramu, na Februari 2024 tukaondolewa. Kitengo cha Makosa ya Kimataifa cha Mahakama Kuu kipo. Mtu anayeniambia tatizo letu ni uhaba wa sheria, huwa namwomba tufuatane hadi kituo cha polisi chochote cha mpakani, aniambie humo ndani kuna kabati la chuma lenye kufuli la kutunzia vielelezo au hakuna.

Turudi kwenye kesi ya 2010, maana ndiyo shule yetu kubwa. Washtakiwa walikuwa 13, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Baadhi ya waliotoka Kenya walivushwa usiku bila kupitia kwa hakimu, na Mahakama Kuu ya Nairobi ikatamka mwaka uleule kwamba njia iliyotumika haikuwa halali. Huku kwetu likapelekwa ombi la kupinga kuvushwa huko Mahakama ya Katiba, na kesi ya msingi ikasimama kwa miaka. Ilianza kusikilizwa Machi 2015. Hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 2016 na Jaji Alfonse Owiny-Dollo, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu. Saba walikutwa na hatia ya ugaidi, mmoja akakutwa na hatia ya kuwasaidia baada ya tukio, watano wakaonekana hawana hatia. Watano walifungwa maisha na wawili miaka 50. Sheria iliruhusu kunyonga, jaji hakunyonga.

Hesabuni wenyewe. Mjane wa Kabalagala alisubiri karibu miaka sita kusikia jina la aliyemuua mume wake. Na wanaume watano ambao mahakama ilisema hawana hatia nao walikuwa ndani miaka hiyohiyo. Sehemu kubwa ya muda ule ililiwa na njia ya mkato iliyochukuliwa mwanzoni. Walioivuka sheria kule mpakani waliamini wanaokoa siku chache.

Njia ya mkato ina historia hapa kwetu. Wenye umri wangu mnakumbuka panda gari. Miaka ya mwanzo ya themanini, askari wanazingira mtaa, amri inatoka kwa Kiswahili, vijana wanapandishwa lori, na wengine hawakurudi. Ndiyo maana mpaka leo Kiswahili Uganda kina harufu ya kambi na kizuizi cha barabarani. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, Katiba ya sasa inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mama mmoja wa Luweero aliniambia, “Mwanangu, hiyo ni lugha ya kuulizwa kitambulisho.” Sikuwa na la kumjibu. Nami ndiyo lugha niliyoimbiwa nikiwa mtoto.

Nalisema hili kwa sababu kuzuia ugaidi kunategemea mtu kama mama yule. Yeye ndiye anayejua kwamba chumba cha nyuma kimepangishwa na wageni wasiotoka mchana. Akimwogopa askari kuliko anavyomwogopa mpangaji, atanyamaza, na hakuna mtambo utakaotuambia alichokiona.

Sasa nifike kwenye maelezo ya mtuhumiwa. Hapa nitakaa kidogo.

Ibara ya 28 ya Katiba inasema mshtakiwa aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, na apewe mkalimani bila kulipa. Sheria ya Ushahidi inakataa ungamo mbele ya polisi isipokuwa kuwe na ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi, au hakimu. Mahakama ya Juu, katika kesi ya Festo Androa Asenua iliyofunguliwa 1998, iliweka utaratibu ulio wazi: maneno ya mtuhumiwa yaandikwe kwa lugha aliyoisema, ndipo yatafsiriwe kwa Kiingereza. Karatasi mbili. Nini kinafanyika vituoni? Anayehojiwa anasema Kiswahili, anayehoji anawaza Kiganda, kalamu inaandika Kiingereza, na mtu anaweka sahihi chini ya karatasi asiyoweza kuisoma.

Niliwahi kuletewa faili la kijana mmoja, taniboi wa malori ya mizigo. Kituo sikitaji. Alikuwa amesema, kwa ushahidi wa askari mwenyewe nilipomuuliza, “Nilikuwa stendi nasubiri mzigo wa bosi.” Kwenye karatasi ya Kiingereza, mzigo umegeuka kuwa vilipuzi na bosi amegeuka kuwa kamanda. Askari hakuwa mwongo. Alikuwa na hofu, siku zile redio zilikuwa zimejaa habari za mabomu, akaandika alichodhani kijana anamaanisha. Mzigo wenyewe ulikuwa marobota ya mitumba, na risiti ilikuwapo. Kijana yule alikaa rumande miezi 14. Alipotoka, bosi alikuwa na taniboi mwingine.

Na Kiswahili chenyewe si kimoja. Kule Kasese na Bundibugyo, mpakani na Kongo, mtapata mashahidi waliovuka kutoka Beni, na Kiswahili cha Kongo kina njia zake. Katika zoezi moja la mafunzo, shahidi alisema, “Alitosha simu mu mufuko.” Mkalimani wetu kijana, msomi mzuri wa Kiswahili sanifu, akatafsiri kwamba simu ilitosha mfukoni, yaani iliingia vizuri. Kwa Mkongo, kutosha ni kutoa. Shahidi alikuwa anasema mtu yule alichomoa simu mfukoni, pengine sekunde chache kabla ya mlipuko. Hapo mmepoteza kitendo muhimu kuliko vyote kwenye kesi, na wala hakuna mtu atakayejua kimepotea, kwa sababu sentensi iliyoandikwa inaeleweka. Risasi wao huziita masasi. Mkalimani asiyejua hayo asione haya kuuliza, na hakimu asimkaripie anapouliza.

Washirika wetu wa kimataifa wanasaidia, nami nimekula chumvi yao, siwasemi vibaya. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, yenye makao Vienna, ina watu wanaoijua mikataba kama viganja vyao. Kuna chuo Malta kinachofundisha majaji na waendesha mashtaka. Lakini semina ya siku tatu hotelini, yenye vyeti na picha ya pamoja, haimfikii yule koplo wa Bwera, kule mpakani, anayeandika karatasi ya kwanza. Anayehudhuria ni mkubwa wake, na mara nyingi mkubwa yuleyule. Nimefundisha ofisa mmoja somo lilelile mara nne. Fedha za semina moja ya namna hiyo zingenunua makabati, mifuko ya vielelezo yenye lakiri, na kulipa wakalimani wa Lukonzo, lugha ya Wakonzo wa Kasese, na wa Kiswahili cha Kongo kwa mwaka mzima. Nimeyasema haya mezani kwao, nayasema tena hapa, na nitaendelea kuyasema.

Kisha kuna watu wanaobeba kesi hizi vifuani mwao. Joan Kagezi alikuwa akiongoza mashtaka ya kesi ile ya 2010. Jioni ya tarehe 30 Machi 2015, wiki chache tu baada ya mashahidi kuanza kusikilizwa, alisimamisha gari Kiwatule anunue vitu vya nyumbani kando ya barabara, watoto wake wakiwa ndani ya gari. Akapigwa risasi. Mwendesha mashtaka wa kesi kubwa kuliko zote nchini, anarudi nyumbani kama mimi na wewe. Kesi iliendelea, wenzake wakaibeba mpaka hukumu. Ninapotaja ulinzi wa mashahidi na waendesha mashtaka, na muswada ambao umezungumzwa miaka na miaka, siwezi kuutaja kwa sauti ya kawaida. Mnisamehe.

Tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF, wenye maficho yao Kongo, waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, kule Kasese. Wanafunzi 37 waliuawa. Wengine walichomewa bwenini, na miili iliungua hata ikahitaji vipimo vya vinasaba ili wazazi wajue nani ni wa nani. Wazazi wakasimama nje siku baada ya siku. Hapo ndipo utaona kwamba haki ya jinai si mambo ya mahakama peke yake. Anayekusanya sampuli, anayeandika namba kwenye mfuko, anayemweleza baba wa Kikonzo kwa lugha yake kwa nini hawezi kumzika mwanawe leo, wote hao ni vyombo vya haki. Baba asipoelezwa, atajielezea mwenyewe, na kuna watu porini wanaosubiri kumsaidia kujielezea.

Muda umekwisha, mratibu ananionyesha saa. Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa kwenye chumba kidogo pale nyuma. Nitaweka begi la kompyuta mezani, na simu ndani yake. Mmoja wenu atakuwa koplo wa kwanza kufika, na mzee mmoja kutoka Beni amekubali kuwa shahidi. Atasema Kiswahili chake, hatakipunguza. Njooni na karatasi mbili kila mtu.